Nyaya Zilizofungwa Uzi

Katika nyumba ya Sumaia, mjini Palma, palikuwa na neno moja lisiloruhusiwa kukaa mbele ya jina la Nuro, nalo ni marehemu. Mzee Mshamu, babake Nuro, ungeweza kumwita marehemu mpaka ukauke koo. Kila mwaka alisomewa hitima, ubwabwa ukaliwa, watu wakanawa mikono wakaenda zao. Lakini Nuro alitajwa kama mtu aliyetumwa dukani akakawia. Jirani mmoja alijisahau siku ya hitima hiyohiyo, akasema "marehemu Nuro", na Sumaia akamnyang'anya sahani mkononi, nyama ikiwa bado haijaguswa. Watu husahau maneno, sahani hawaisahau. Tangu hapo kila aliyeingia ua ule aliupima ulimi wake kwanza.

Uani, chini ya kibanda cha makuti, lilisimama gari la Nuro. Lilikuwa pikapu nyeupe iliyojulikana mpaka Quionga kwa mngurumo wake, maana Nuro, fundi umeme wa magari, aliing'oa sentralina ya kiwandani, kile kisanduku kinachoiamuru injini inywe petroli kiasi gani, akapachika nyingine ya mbio aliyoipata Pemba ya bara. Likawa gari la ujana. Baadaye akaamua kulirudisha lilivyozaliwa, na kazi hiyo ndiyo iliyokatizwa na siku ya kukimbia, mji uliposhambuliwa. Waliporudi mjini walikuta wezi wamechukua magurudumu, betri, viti na hata kioo cha kutazamia nyuma. Dashibodi iliyofunguliwa hawakuigusa. Nyaya zilining'inia pale kama matumbo ya kuku, nani azitake? Sumaia alitundika shuka kuukuu kwenye mlango wa gari, na kwa miaka minne hakuna mkono wa mtu ulioingia.

"Mwenyewe atakuja kumalizia," alikuwa akisema. "Alisema anakuja."

Uvumilivu ni sifa nzuri kwa mtu aliyeshiba. Sumaia alishona kofia, na kofia ya vitundu humla mshonaji macho kabla haijamlisha tumbo. Mwajuma, mama mkwe wake, alikaanga vitumbua asubuhi, na mchele ukipanda bei vitumbua navyo vilipungua mwili. Zuleica, mtoto wa Nuro, alikuwa na miaka tisa, na alikwisha jifunza kupita kwa majirani saa ya kula na kusalimia kwa adabu kuliko kawaida. Siku moja alirudi analia. Mwenye nyumba alimwitikia salamu vizuri kabisa, kisha akavuta mlango. Sumaia hakumgombeza wala hakumbembeleza. Alimfuta uso kwa pindo la leso, naye mwenyewe akashindwa kumtazama mtoto machoni.

Siku hiyohiyo Vitória alikuja tena. Vitória alikuwa mwanamke wa biashara, akipeleka mboga na samaki kambini kwa watu wa kampuni ya gesi, na alikuwa mtu wa kukaa nusu kiti, tayari kuondoka.

"Dada yangu, gari ntalikodi kwako kila mwezi," alisema. "Dereva wangu, petroli yangu, na fundi nitamtoa mimi, utanirudishia pole pole. Lakini getini hawapokei gari lililochezewa injini. Lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Ukikataa, naenda kwa mwingine, na sitakuwa na kinyongo."

"Nuro akija..."

"Akija alikute linatembea. Kuna ubaya gani?"

Kama Vitória angesema Nuro hayupo tena, angetolewa nje na kiti chake. Lakini hilo la kulikuta linatembea lilimwingia Sumaia mahali ambapo hakuwa ameweka mlinzi. Alimwona Nuro akiingia uani na vumbi la njia miguuni, akiisikia injini, akicheka kile kicheko chake cha kuanza puani. Akakubali upesi, kabla picha hiyo haijafutika.

*

Fundi alivuka Rovuma akitokea Mtwara, na kisanduku cha vyuma begani. Jina lake Kurwa, mtu mzima mwenye kitambi kidogo kilichompa taabu kuingia chini ya dashibodi. Zuleica alimzunguka mara mbili kabla hajamwuliza.

"Fundi, Doto wako yuko wapi?"

"Mtwara," alijibu Kurwa kutoka ndani ya gari. "Mimi natafuta, yeye anakula."

Sumaia aliweka kibao cha mbuzi kando ya mlango wa gari, akakikalia na kofia yake mkononi. Alisema anapumzikia kivuli. Kwa kweli alikuwa akilinda. Kila Kurwa aliposhika koleo, sindano ilisimama.

"Hiyo usiikate, fundi."

"Siikati, dada. Naitazama tu."

"Unaitazama na koleo?"

Kurwa aliweka koleo chini, akainua mikono mitupu kumwonyesha. Alikuwa mpole, na Vitória alikwisha mwonya juu ya nyumba ile. Akachukua waya mmoja, akaugeuzageuza kwenye mwanga.

"Mumeo alikuwa na mkono mzuri. Ona maungio haya. Kayasokota, kayalehemu kwa risasi, ndipo akafunga. Vijana wa siku hizi wanazungusha tepu tu, gari linakohoa mwaka mzima."

"Ana mkono mzuri," alisema Sumaia.

"Ana," alikubali Kurwa haraka.

Sifa ile ilimpendeza Sumaia kana kwamba imesemwa juu yake. Hakuna aliyemsifu Nuro siku nyingi, maana watu waliogopa kuteleza wakasema "alikuwa". Akajikuta anaongea. Akamweleza Kurwa jinsi Nuro alivyokuwa akikaa kizingitini kila jioni, hataki kuingia mpaka afute miguu, na jinsi mikono yake ilivyonuka petroli hata baada ya limau na majivu. Alimweleza jinsi yeye alivyokuwa akiilalamikia harufu ile. Siku hizi, gari lolote likisimama karibu naye sokoni, hukawia kidogo kuondoka. Hilo hakumwambia.

"Na hizi nyuzi?" aliuliza Kurwa. "Kuna waya una uzi wa kijani, huu wa njano. Uzi wa kushonea."

Sumaia alicheka, na Mwajuma aliyekuwa jikoni akageuka, kwa kuwa kicheko kile alikuwa amekisahau. "Uzi wangu huo. Alikuwa ananiibia kikapuni. Nikitafuta rangi ya kijani nyumba nzima, kumbe imo garini."

"Aa, basi ni alama." Kurwa aliingiza kichwa zaidi. Furushi kubwa la nyaya lilikuwa limefungwa nadhifu kwa tepu nyeusi, na pembeni yake zilitokeza zile zenye uzi. "Kwetu nasi tunafunga alama kwenye waya uliobaki, usije ukausahau ukafunika. Moja, mbili... nne. Dada, mwenzangu alibakiza nyaya nne tu. Kabla chai haijachemka angekuwa ameshawasha."

Aliyasema kwa nia njema, fundi akimsifu fundi. Sumaia alijichoma sindano kwenye kidole, akakitia mdomoni, akainuka akaingia ndani.

*

Chakula cha mchana kililika bila yeye. Mwajuma alimwekea sahani mbele, akaisogeza, akaisogeza tena.

"Nyaya nne, mama," alisema Sumaia. "Tungemngoja kidogo, tungepanda wote. Baba tungemlaza nyuma kwenye godoro. Wote watano tungefika."

"Kula kwanza, mwanangu."

"Mimi ndiye niliyekubali kuondoka."

Mwajuma alitazama ukuta. Alikuwa mwanamke asiyekosa neno, anayeweza kubishana na muuza samaki mpaka samaki aoze, lakini ikitajwa siku ile alikuwa kama mtu aliyejazwa maji mdomoni. Aliinuka akaenda kuosha chungu ambacho kilikwisha oshwa.

Siku ile milio ya risasi ilianzia upande wa kiwanja cha ndege. Watu walipita njiani na magodoro, na kuku, na watoto waliovaa kiatu kimoja. Mzee Mshamu alikuwa kitandani ndani, nusu ya mwili imepooza, mtu mzito ambaye hata kumgeuza ubavu kulitaka mikono ya watu wawili. Nuro alikuwa chini ya dashibodi, miguu nje. "Nyinyi tangulieni na mtoto, shikeni njia ya Quionga," alisema. "Mimi namaliza hapa, nampakia baba, nawakuta njiani kabla hamjachoka." Sumaia alipiga magoti mlangoni mwa gari, akasema, "Tukungoje." Nuro hakuinua hata uso. "Unanizibia mwanga, Sumaia," alisema, kama mtu aliyekerwa.

Maneno ya mwisho ya mume wake yalikuwa hayo. Wengine huachiwa wasia, wengine huachiwa dua. Yeye aliambiwa anaziba mwanga. Alitembea mpaka Quionga akigeuka kwa kila mngurumo nyuma yake. Majirani waliotangulia kurudi walimkuta Mzee Mshamu amekwisha kufa, wakamzika, na pamoja naye wakazika wengine waliookotwa mtaa ule ambao hawakutambulika tena sura. Sumaia aliposikia habari ya hao wengine alisema moja kwa moja kwamba Nuro si mmoja wao. Nuro alikuwa njiani. Mtu alisema amemwona kijijini Nhica, Sumaia akaenda mpaka Nhica, akakuta muuza samaki wakavu mwenye mwendo kama wake. Hata hivyo alikaa mbali akamtazama mtu yule akitembea, mpaka mtu mwenyewe akaona haya. Ahadi ni deni, aliwaambia wote, na Nuro hakuwa mtu wa kukimbia deni.

Sasa mawazo yakamgeukia. Zamani alimtamani Nuro aliye mbali. Tangu mchana ule alimtamani Nuro aliyekuwa karibu, umbali wa nyaya nne, na kutamani kwa namna hiyo kulimchoma zaidi. Alimwonea hasira pia. Kwa nini hakusema, ngojeni kidogo? Je, gari lilikuwa tamu kwake kuliko wao?

*

Siku mbili Sumaia hakwenda kukaa kando ya gari. Siku ya tatu, asubuhi, Kurwa alikuja mwenyewe mpaka mlango wa jiko. Alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi.

"Dada Sumaia, njoo mara moja. Nilikuambia uongo, na sikujua kama ni uongo."

Gari lilikwisha pata betri mpya na magurudumu ya Vitória. Kurwa alikuwa na kitaa kidogo cha kupimia kilichofungwa nyaya mbili. Akagusa waya wenye uzi wa kijani, kitaa kikawaka. Akagusa wa njano, kikawaka. Zote nne zenye uzi zilikiwasha, bila hata kutetereka.

"Hizi ni nzima," alisema. "Zimeunganishwa kwenye kisanduku cha kiwandani, kazi safi. Sasa tazama huku."

Lile furushi la tepu nyeusi alikuwa amelipasua. Ndani yake nyaya zilikuwa zimekatwa, ncha tupu, shaba imegeuka kijani kwa unyevu. Hazikuunganishwa na kitu chochote. Kurwa alizipitia moja moja, na kitaa hakikuwaka hata kwa bahati mbaya.

"Nilidhani uzi ni wa waya uliobaki, kwa sababu ndivyo tunavyofanya sisi. Mwenzangu alikuwa akifanya kinyume. Waya ukisha, anaufunga uzi. Hizi nne ndizo alizomaliza. Zote hizi zilikuwa bado. Alizifunga furushi zisichanganyike tu."

Sumaia alilitazama lile furushi. Lilikuwa nene kuliko mkono wa mtoto.

"Angemaliza siku ile?"

"Siku ile?" Kurwa alitikisa kichwa. "Mimi ni siku ya nne hii, na hakuna anayenipigia risasi. Hata Mungu angempa mikono minne, dada, gari hili siku ile lilikuwa haliwaki."

"Labda hakujua."

Kurwa aliweka kitaa chini. Alikuwa mtu wa kusema ukweli kwenye mambo ya nyaya, hata pale alipotamani asiseme. "Mtu anayelehemu hivi anajua amefika wapi," alisema. "Wewe mwenyewe, mtu akikuuliza kofia hiyo imebakiza nini, utashindwa kumwambia?"

Sumaia aliitazama kofia iliyokuwa mkononi mwake. Kisha akamwambia fundi kuna chai jikoni, aende akanywe, na asirudi haraka.

*

Alimkuta Mwajuma ukumbini, amekaa mkekani, miguu ameinyosha, anachambua mchele. Sumaia hakukaa.

"Mama, gari lilikuwa haliwaki."

Mwajuma aliendelea kuokota chuya. Akaokota moja, akaitupa, akaokota nyingine. Halafu akauweka ungo chini.

"Nnajua."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi ile." Alisema bila kuinua macho. "Mzee alimwamuru Nuro aondoke na sisi. Alimwambia, mwanangu, mimi nimeshaishi, niache. Nuro akasema, nani atakugeuza ubavu? Nani atakupa maji? Wakabishana, baba na mwana, mpaka mzee akalia. Kisha Nuro akaniita kando. Akaniambia, mama, Sumaia akijua gari haliwaki hatatoka hapa, na asipotoka yeye, mtoto hatoki. Mwache aone nafanya kazi. Nikamwambia, mwanangu, twende. Akasema, mama, mvishe mtoto viatu."

Sumaia aliketi kwenye mkeka, mbali kidogo.

"Mimi aliniambia namzibia mwanga."

"Alikuwa analia," alisema Mwajuma. "Angeinua uso, ungemwona."

Nje, Zuleica alikuwa akimfundisha Kurwa maneno ya Kireno, na Kurwa akiyakosea kwa makusudi ili achekwe.

"Miaka yote hii, mama. Unaniona naenda Nhica. Unaniona namnyang'anya mtu sahani."

"Ningekuambiaje? Mume wako alibaki kwa ajili ya mume wangu. Kila ukiamka asubuhi na yale macho yako, mimi nilijiona kama nimekuibia. Nikasema, kama kungoja ndiko kunakomwamsha kitandani, na angoje. Nami nikangoja na wewe." Sauti yake ilianza kukwaruza. "Lakini mimi ni mamake, Sumaia. Kila hitima namwombea mume wangu, na nikifika kwa mwanangu namruka. Jina lake nalimeza. Mama gani anamnyima mwanawe dua kwa kumwogopa mkwe?"

Hasira ilimpanda Sumaia, ikakosa mtu wa kumwangukia. Mbele yake alikuwapo kikongwe mwenye chuya mkononi. Nuro naye alikuwa wapi amgombeze? Miaka minne alikuwa ameidai ahadi. Kumbe haikuwa ahadi. Mtu alimsukuma mkewe nje ya moto kwa maneno ya karibu aliyoyapata, akainamisha uso ili maneno yasikanushwe na macho. Alimtamani wakati ule kuliko siku zote alizomngoja, na kwa mara ya kwanza hakutamani arudi. Alitamani kurudi yeye, kwenye ule mlango wa gari, apige magoti tena, amshike mguu, amwambie amesikia, amwambie anaenda.

Akalia, na Mwajuma akamwacha alie. Hakumwambia nyamaza. Alisogea tu mkekani mpaka mabega yao yakagusana.

*

Gari liliwaka siku nne baadaye, mchana, baada ya sala. Vitória alikuwapo, na majirani waliokuja kuazima hiki na kile, wote siku hiyohiyo. Kurwa aligeuza ufunguo, injini ikakohoa petroli mpya, ikashika. Iliunguruma chini kwa chini, kwa adabu, kama gari la mtu yeyote. Ule mngurumo wa zamani ulikwisha toka pamoja na sentralina ya mbio, ambayo sasa ilikuwa ndani ya kisanduku cha Kurwa, ikisubiri mnunuzi Mtwara.

Vitória alizunguka gari, akagonga bodi kwa kiganja, akasema kesho dereva atakuja. Watu walimpa Sumaia mkono. Aliupokea kila mkono, akashukuru, na hakuna aliyethubutu kutaja jina.

Zuleica ndiye aliyebaki amesimama kando ya gari, amekunja uso. Aliweka sikio kwenye bodi, akaliondoa.

"Mama, mbona halingurumi? Baba atalijuaje?"

Waliokuwa wakitoka uani walipunguza mwendo. Vitória alijifanya anatafuta kitu mkobani. Sumaia alifungua mdomo, na alichokuwa nacho tayari, kile alichokisema miaka minne, hakikutoka. Akamtazama mama mkwe wake aliyesimama kwenye mlango wa jiko, na mikono yake ina unga.

"Mwambie, mama," alisema.

Mwajuma hakuelewa mara moja. Alimtazama Sumaia, akamtazama mtoto, akamtazama tena Sumaia, na Sumaia akaitikia kwa kichwa. Kikongwe akajifuta mikono kwenye kanga taratibu, kidole kwa kidole. Akaja akakalia kile kibao cha mbuzi, akamvuta Zuleica katikati ya magoti yake.

"Marehemu baba yako," alianza, na sauti ikamkatikia hapo. Akaanza upya, kwa sauti ambayo hata waliofika mlangoni waliisikia. "Marehemu baba yako hakuwa anakuja, mjukuu wangu. Alibaki na babu yako."